Kati ya Kuku na Mbuzi

Kazi yangu ni kuwasomea watu wanaosokota biri, zile sigara nene za majani ya tumbaku. Nakaa juu ya jukwaa la mbao, mbele yangu kipaza sauti, na chini yangu madawati ya wasokotaji tisini na wawili. Kuanzia saa mbili asubuhi wao wanasokota tumbaku na mimi nasoma. Walinichagua wenyewe kwa kura miaka ishirini na saba iliyopita, na siku wakinichoka wataniondoa kwa kura vilevile, meneja hana neno. Hapa mjini Camajuaní hiyo ndiyo kura pekee niliyokuwa nikiiamini, na nilikwisha kulisema hilo mbele ya watu ambao hawakupaswa kulisikia.

Siku ina zamu tatu. Asubuhi ni habari. Saa nne ni vioja: mbwa aliyeachiwa nyumba na tajiri, bwana harusi aliyelala akasahau harusi yake, mambo ya namna hiyo. Mchana, matumbo yakishatulia, ni riwaya. Na kila zamu ina adabu yake. Habari ikiwagusa, au sura ya riwaya ikiwaliza, wasokotaji hugonga ubao kwa visu vyao, vile visu bapa visivyo na mpini wanavyokatia majani, na ukumbi mzima ukanguruma mpaka barabarani. Wasipopendezwa huviangusha sakafuni, na hilo sikuombei. Vioja havigongewi kabisa. Vioja huchekwa, basi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, lakini mgeni akigongea kioja, watu humgeukia kana kwamba amepiga makofi msibani.

Mimi ni mtu wa maendeleo. Nyumbani huwa nakata magazeti na kuyafunga kwa uzi mafungu matatu: siasa, haki za watu, na vioja. Msomaji haruhusiwi kutoa maoni yake, anasoma kilichoandikwa. Lakini pumzi ni zangu. Naweza kusoma hotuba ya kiongozi wa nchi yoyote nikamfanya aonekane punguani kwa kunyamaza tu mahali pasipostahili. Kwa njia hiyo nimewatetea wanawake wa nchi nisizozijua, wachimba migodi, na nyangumi. Waajentina waliporuhusu wanaume wawili kuoana, niliisoma habari ile mara mbili, nikisingizia kwamba spika imekwaruza. Sasa nieleze jinsi mtu kama huyo alivyokuja kuchanganyikiwa hadi akashindwa kujua fungu lipi ni lipi.

Mwaka ule wa 2022 serikali ilileta sheria mpya ya familia, ikatangaza kwamba wananchi wote wataipigia kura tarehe ishirini na tano Septemba, Ndiyo au Hapana. Ndani yake kulikuwa na mambo mengi ya watoto na mabibi na wagonjwa. Watu walikisoma kifungu kimoja tu, kile kinachosema ndoa ni ya watu wawili, bila kutaja mwanamume wala mwanamke. Baldomero, katibu wa chama cha wafanyakazi kiwandani, alikuja jukwaani na kijitabu cha sheria hiyo akakiweka juu ya magazeti yangu.

"Mwalimu, hii isomwe kila asubuhi. Kifungu kwa kifungu."

"Na nikisoma, nisome kwa sauti gani?"

"Sauti gani tena? Hiyo hiyo yako nzuri. Halafu useme watu wapige Ndiyo."

"Mimi sisemi watu wapige nini. Mimi nasoma."

"Lakini wewe si ndiye mwenye mambo haya ya haki? Nilidhani utafurahi!"

Nilipaswa kufurahi. Tatizo ni kwamba wanaponiita Mwalimu hawanitanii. Nilikuwa mwalimu kweli, wa darasa la tatu, mpaka nilipofikisha miaka ishirini na mmoja. Asubuhi moja niliitwa ofisini, nikasomewa karatasi kwamba tabia zangu haziwafai watoto. Ilisomwa vizuri, nakumbuka, bila kukwama hata neno moja. Aliyeisoma angefaa kuwa msomaji. Ndipo nilipokuja kusokota biri. Tangu siku ile niliapa kwamba watu wale wa serikali sitawaambia Ndiyo kwa jambo lolote, hata wakiniuliza kama leo ni Jumatatu. Na sasa wao wenyewe, au watoto wao, wamekuja na jambo nililolitaka maisha yangu yote, wanaomba Ndiyo. Nilikitazama kijitabu kile nikakosa pa kukifunga. Siasa? Haki? Kusema kweli kilifaa hata fungu la vioja.

Ili usikae ukinisubiri, nakwambia mapema: siku ya kura nilipiga Ndiyo, nimekunja uso kama mtu aliyenyweshwa mafuta ya nyonyo. Lakini hadithi yangu haiko kwenye kura. Iko nyumbani, ng'ambo ya barabara, kwa Delfín.

Delfín Arteaga alisokota biri dawati la kumi na nne kwa miaka arobaini, na mpaka leo wapo wanaosema hajatokea mkono kama ule. Tumekaa nyumba moja tangu mwaka 1991. Mwaka ule, jirani alipouliza huyu ni nani, mimi ndiye niliyejibu: ni binamu yangu. Jibu lilitoka kabla sijalifikiria. Likafaa, likakaa, na tukazeeka nalo. "Binamu hajambo?" "Mpelekee binamu kahawa." Watu walijua? Hawakujua? Hadi leo siwezi kukuambia. Nimewasomea miaka ishirini na saba na sijui wanachokijua.

Delfín alistaafu, lakini kiwanda hakikumwacha. Juu ya mlango wa mbele wa kiwanda kuna spika kwa ajili ya wachambuzi wa majani wanaokaa barazani, na dirisha letu linatazamana nayo. Kila asubuhi huvuta kiti, akamimina kahawa, akanisikiliza. Mchana nikirudi hunikosoa. "Leo ulimeza maneno. Yule waziri umemwonea."

Mwezi wa nne moyo wake ulimwangusha jikoni. Nilimkimbiza hospitali na jirani mwenye gari. Pale mlangoni muuguzi akauliza, "Nani wa familia?" Nikasema mimi. "Wewe ni nani wake?" Nikasema binamu. Alinitazama, akatazama fomu yake, akasema anahitaji mtu wa karibu zaidi, mtoto, ndugu wa tumbo moja, mpwa. Nikakaa kwenye benchi la nje siku tatu. Aliyeingia, aliyetia sahihi, aliyeambiwa na daktari hali ya mgonjwa ni Yosbel, mtoto wa dada yake, aliyekuja kutoka Cienfuegos na ambaye hajui hata kwamba mjomba wake hali kitunguu. Sina ugomvi na Yosbel. Alikuwa akitoka nje ananiambia kila kitu, kwa heshima. Lakini alikuwa akiniambia yeye.

Delfín alipona nusu. Wakasema mwisho wa Septemba atapasuliwa tena, safari hii Cienfuegos. Hakulitaja lile benchi mpaka wiki ya kwanza ya mwezi huo, tulipokuwa tunachambua mchele mezani.

"Nimeongea na Yosbel," alisema. "Ijumaa ijayo saa tatu asubuhi anakuja kunichukua. Nitakaa Cienfuegos. Hospitali ni huko, na mwenye sahihi ni yeye."

"Utakaa mpaka lini?"

"Nitakaa huko huko, Leovigildo."

Nikaacha mchele. Nilimwambia sheria inakuja, wiki chache tu, Ndiyo itashinda, basi tutaoana na nitatia sahihi zote anazotaka. Nilimwambia yote hayo mimi, niliyekuwa nikikizomea kijitabu cha Baldomero asubuhi nzima.

"Sheria itapita," alisema Delfín. "Na wewe utafika mlangoni, muuguzi atakuuliza wewe ni nani wake, na utasema binamu."

"Sitasema."

"Utasema. Limekukaa mdomoni. Hebu niambie, kuna mtu mmoja hai uliyewahi kumwambia vingine?"

Nilifikiri. Nilitafuta kweli, sikuwa nafanya mzaha. Sikumpata.

"Unawasomea watu tisini kila siku," alisema. "Habari za dunia nzima zimepita kwenye ulimi wako. Iseme hii moja. Pale pale, nami nisikie hapa dirishani. Ukiisema pale, nitajua utaweza kuisema hospitali. Usipoisema, Ijumaa naenda na Yosbel, na wala sitakununia."

Nilikasirika. Nilimwambia msomaji hasemi mambo yake, ni sheria ya kazi. Akaendelea kuchambua mchele.

Wiki ile nilisoma kijitabu kila asubuhi, nikiwatazama watu wangu kwa pembe ya jicho nijue nani yuko wapi. Laiti nisingetazama. Nivaldo, bondia wa zamani mwenye pua iliyovunjika mara mbili, mtu niliyemwogopa kuliko wote, alisimama akapaza sauti: "Waache waoane! Kwani taabu ya ndoa tuionje sisi tu?" Ukumbi ukacheka. Odalys wa dawati la tisa, mama wa kanisa, mpole, anayeniletea keki ya mapera kila siku yangu ya kuzaliwa, akasema bila kuinua macho kwamba yeye atapiga Hapana na anayetaka kujua sababu asome Biblia. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kila mtu anajua anapenda wanaume na yeye mwenyewe hajifichi, akasema atapiga Hapana.

"Wewe?" Nivaldo akamgeukia. "Wewe ndiye bwana harusi mwenyewe!"

"Siwapi Ndiyo yangu hao. Kaka yangu wamemfunga mwaka jana kwa kuandamana. Nitaoa siku nyingine."

"Sasa, Mwalimu, hebu tusaidie," Nivaldo akaniita. "Wa kanisa Hapana, huyu Hapana, Baldomero ambaye mwaka themanini alikuwa anawafukuza mashoga kwenye kwaya ya kiwanda leo anasema Ndiyo. Mimi nimepotea. Wewe uliyesoma, wasemaje?"

Watu wote wakaniangalia. Visu vikatulia.

"Kifungu cha themanini na tatu," nilisema, nikaendelea kusoma.

Maisha yangu yote niliwagawa watu makundi mawili, wa maendeleo na wa kurudi nyuma, na ghafla nilikuwa kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta vyumba vimehamishwa. Kijana yule alikuwa anasema maneno yangu mwenyewe, yaleyale ninayomwambia Delfín kila jioni, na niliyasikia yakinichukiza. Baldomero, ambaye siwezi kumvumilia, alikuwa upande wangu. Upande wangu ni upi? Nilirudi nyumbani kichwa kinauma, nikamkuta Delfín anapiga pasi mashati.

Jumatatu ikapita. Jumanne umeme ulikatika asubuhi nzima, nikasoma kwa kupaza sauti, na ndani ya moyo nikafurahi kwamba sababu imepatikana: akiwa dirishani asingesikia. Jumatano nikasema koo linaniuma. Alhamisi asubuhi, kabla sijatoka, niliona sanduku limefunguliwa juu ya kitanda, na chini kabisa, ndani ya kitambaa cha flaneli, ameweka kisu chake cha kazi. Kisu kile hakijatoka nyumbani tangu astaafu. Nilitoka bila kunywa kahawa.

Zamu ya habari ikaja, ikapita. Nilisoma mambo ya vita, ya mafuta, ya kimbunga kilichokuwa kikijikusanya mbali baharini. Karatasi yangu ilikuwa mfukoni nimeiandika usiku kwa penseli, na kila nilipomaliza habari moja mkono ulikwenda mfukoni ukarudi mtupu. Saa nne ikafika. Vioja. Hapo nikapata akili ambayo niliiona ya ajabu. Katika vioja watu wamelegea. Katika vioja jambo lolote hupita. Nikasoma cha kwanza: kuku wa kijiji kimoja cha Ureno aliyekuwa akitaga kila siku ndani ya kofia ya padri, na padri akawa anaendesha ibada kichwa wazi ili asimkwaze. Wakacheka. Nikatoa karatasi yangu, nikasoma kwa sauti ileile, ya puani kidogo, ninayoitumia kwa vioja:

"Na katika mji mmoja wa tumbaku, mwanamume mmoja ameishi na binamu yake kwa miaka thelathini na mmoja. Uchunguzi umegundua kwamba wawili hao hawana hata babu mmoja wa kuchangia."

Nivaldo alicheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyezoea. Wawili watatu wakamfuata. Halafu vicheko vikakatika kimoja baada ya kingine, na ukumbi ukanyamaza. Hakuna aliyegonga, maana vioja havigongewi. Hakuna aliyeangusha kisu. Walisokota tu, vichwa chini. Odalys alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja, na sikuweza kusoma chochote usoni mwake. Nikashika karatasi iliyofuata, nikawasomea habari za mbuzi aliyepanda basi peke yake mara tatu.

Sikujua nimefanya nini. Nimesema, sijasema? Nilishuka jukwaani mchana huo nikijiambia nimesema, tena mbele ya watu tisini, na kwamba Delfín amesikia, na kwamba nikifungua mlango atakuwa anacheka.

Alikuwa anafunga sanduku.

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Nimesikia."

"Basi nimesema! Nimesema, Delfín!"

Alibana kwanza kamba ya pili. Aliponigeukia hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema. "Nimekufulia, nimekuuguza ile homa ya dengi, mama yako amefia mikononi mwangu. Na ulipofika wakati wa kunitaja, ukaniweka kati ya kuku na mbuzi."

Nikataka kusema kwamba vioja ndiyo zamu inayopendwa kuliko zote. Namshukuru Mungu nilifunga mdomo. Nilikaa kwenye kiti chake cha dirishani, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi spika ile ilivyo karibu. Ni kama angeweza kuigusa kwa mpini wa ufagio. Nililia pale, mzee mzima, na yeye akaenda kuchemsha maharage.

Ijumaa nilifika kiwandani mapema. Gari la Yosbel, kuukuu, la Kirusi, rangi ya maziwa, lilikuwa limeshasimama mbele ya nyumba yetu. Hakungoja saa tatu. Nilipanda jukwaani nikaanza kufungua mafungu yangu. Ndipo Odalys aliponyanyuka dawati la tisa, akaja mpaka chini ya jukwaa, kisu mkononi.

"Mwalimu, jana ulikosea."

"Najua, Odalys. Wewe ni mtu wa kanisa, kama nilikukwaza..."

"Niache nimalize. Mimi tarehe ishirini na tano napiga Hapana. Nimemwambia Mungu, nimemwambia na Baldomero. Lakini Delfín ndiye aliyenifundisha kufunga jani la juu, nikiwa na miaka kumi na tisa, mikono inatetemeka, nimefiwa na mtoto. Alikaa na mimi wiki nzima baada ya kazi. Yule si kuku, Mwalimu. Usimsome pamoja na kuku."

"Kwa hiyo nisome wapi?" nilimuuliza kijinga, kama mwanafunzi wa darasa langu la tatu.

"Habari husomwa saa ya habari," alisema, akarudi kukaa.

Nivaldo alikohoa. "Mwalimu, nami nilicheka kwa mazoea tu. Ulitoa ile sauti ya vioja, mdomo ukacheka wenyewe. Kufika nyumbani mke wangu akanitukana. Soma upya, bwana, unitoe aibu."

Kumbe mke wake pia. Kumbe nani mwingine? Nilikuwa sielewi kitu. Mtu anayekwenda kupiga kura dhidi yangu alikuwa amenisukuma, na mtu aliyenicheka alikuwa ananiomba. Sikuwa na karatasi iliyoandikwa. Nikageuza ile ya jana nyuma yake nikaandika haraka, kwa mtindo wa gazeti, kwa sababu mtindo mwingine siujui. Saa mbili kengele ikalia. Nilisoma habari mbili fupi koo lifunguke. Kisha nikashika karatasi kwa mikono yote miwili.

"Camajuaní, Ijumaa, tarehe kumi na sita Septemba. Leovigildo Cepero, umri miaka sabini na mmoja, msomaji wa kiwanda hiki, na Delfín Arteaga, miaka sabini na minne, aliyesokota biri dawati la kumi na nne kwa miaka arobaini, si..."

Umeme ukakatika. Taa zikazimika, spika ikatoa kilio chake cha kukata roho, feni zikaanza kupunguza mwendo. Nikatazama dirishani, nikaona buti la gari la Yosbel liko wazi na mtu anapakia. Nikasimama. Katika miaka ishirini na saba sijawahi kusoma nimesimama.

"...si mabinamu!" nilipiga kelele. "Hawajawahi kuwa mabinamu! Wanaishi pamoja tangu mwaka 1991, mtu na mwenzi wake. Cepero anakiri kwamba alisema uongo miaka yote hiyo, kwa sababu ya woga, na kwamba anaona aibu. Mwisho wa habari."

Sauti yangu haikuvuka barabara, nilijua. Nilikaa chini. Nivaldo akagonga kisu chake ubaoni mara moja, kwa nguvu. Kijana wa nyuma akagonga. Kisha dawati la kumi na nne, ambalo siku hizi ni la msichana asiyemjua Delfín kabisa. Kisha wote, sijui wangapi, feni zimekufa na hakuna mlio mwingine ukumbini, visu tu, vikaenda na kwenda mpaka vumbi la tumbaku likawa linaruka kwenye mwanga wa madirisha. Odalys hakugonga. Kisu chake alikishika kifuani kwa mikono miwili, hakukigonga na hakukiangusha, na aliponiona namtazama alinionyesha mlango kwa kidevu.

Nikashuka, nikatoka zamuni.

Yosbel alikuwa amesimama kando ya gari, funguo mkononi, akitazama kiwanda kwa mshangao. "Kuna nini huko ndani, binamu?" aliniuliza. Nilimpita nikaingia ndani. Delfín alikuwa bado kitini pake dirishani, amevaa kofia ya safari.

"Umesikia?" nilisema.

"Nimesikia mpaka 'si'," alisema. "Halafu umeme. Halafu visu."

"Basi umesikia."

"Nimesikia visu saa mbili na dakika kumi na mbili. Nimetazama saa. Saa ya habari."

"Ndiyo. Saa ya habari."

"Lakini wewe sijakusikia. Soma."

Yosbel alikuwa ameingia nyuma yangu. "Mjomba, barabara ya Cienfuegos mnaijua, tukichelewa..."

"Kaa chini, Yosbel. Mwalimu anasoma."

Nikasoma. Nilianzia Camajuaní mpaka mwisho wa habari, taratibu, bila kumeza neno, mbele ya mtu aliyetia sahihi mahali pangu. Yosbel aliitazama sakafu. Nadhani alikuwa anapiga hesabu za lile benchi la nje, siku tatu, na kila mara alipotoka kuniambia hali ya mgonjwa.

"Wakiuliza hospitali?" alisema Delfín.

"Nitawasomea hii hii."

Alivua kofia akaiweka mezani. "Yosbel, lete sanduku."

"Nimeshalipakia, mjomba."

"Ndiyo maana nakwambia ulilete. Kisu changu kiko humo, chini kabisa, chini ya mashati."

Yosbel akalileta, akafungua kamba. Shati la kwanza likatoka, la pili, la tatu, soksi, taulo, yote yakapangwa mezani juu ya kitambaa cha plastiki, mpaka flaneli ikaonekana. Delfín alikifunua kisu, akakifuta kwa kidole gumba, akagonga meza mara tatu. Mkono ulikuwa haujasahau.

Yosbel alikwenda zake saa nne, peke yake, baada ya kunywa kahawa na kuniuliza maswali ya ajabu: maelezo ya dawa za asubuhi ampe nani, na kama kweli mjomba hali kitunguu. Mimi nilirudi kiwandani kusoma vioja. Mchana nikayarudisha mashati kabatini moja moja, isipokuwa lile la bluu, ambalo Delfín alisema liachwe nje, atalivaa siku ya kura.